Baisa Mia Tatu

Mwanangu Muatasim ndiye aliyeichora.
Alikuja nayo Ijumaa, akaiweka kompyuta mezani
kati ya birika na sahani ya mandazi,
akaniambia: Mama, tazama, Ruwi mpya.

Nikatazama.
Uchochoro wetu umenyooka kama mstari wa daftari.
Mitende kumi na miwili, kila mmoja na taa yake mguuni.
Mabenchi ya mawe. Chemchemi.
Na watu wa rangi ya kijivu, hawana nyuso,
mmoja anasukuma kigari cha mtoto, mwingine ana mbwa.
Nikauliza, huyu mwenye mbwa ni nani?
Akacheka. Hao wamo humu humu, Mama, huja na programu.

Nisiseme uongo. Mtaa ulikuwa na uvundo.
Lifti ilikufa mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa kwanza;
mjukuu keshaota ndevu, lifti haijafufuka.
Mvua ya saa moja, viatu vinaelea ngazini.
Hayo siyalilii.

Lakini ikisha sala ya isha
tulikuwa tunashuka.
Dur Muhammad, fundi wa kanzu, anatoa cherehani nje,
kwani ndani hamna hewa, na nje kuna maneno.
Kinyozi ana kichwa cha mtu mkononi, anabishana na mtu mwingine.
Mimi na Shinuna, dirisha kwa dirisha, ghorofa ya pili,
tunarushiana Kiswahili juu ya uchochoro:
nani kaposwa, nani karudi Unguja kuuza shamba,
nani kapika mchuzi wa papa asiniite,
na Wahindi, Wabangali, Wabalushi wanapita chini yake
kama wapitao chini ya nguo zilizoanikwa.
Watoto walijua kila kiyoyozi kinadondosha wapi.
Hakuna aliyekimbia moja kwa moja.

Na Kunjumon wa chai ya maziwa.
Daftari hakuwa nalo. Ukuta ndio daftari.
Kwa penseli, kwa hati ya kwao, kama pete zilizomwagika,
aliandika kila mtu na deni lake.
Nikamuuliza siku moja, mimi niko wapi?
Akanionyesha: duara, duara, mkia.
Mama wa juu. Baisa mia tatu.
Nikamwambia, kesho.

Kesho ikaja na rangi nyekundu,
namba kwenye kila mlango, na barua yenye nembo,
barua ya adabu kabisa, hata "tafadhali" imo.
Jengo letu likaachwa, likavishwa vigae
kama bibi harusi wa mara ya pili.
La Shinuna likaenda. Mwenyewe yuko Amerat kwa mwanawe,
nyumba kubwa, ukuta mrefu, jirani hamjui jina.
Dur Muhammad wengine wanasema Sohar, wengine Gwadar.
Kunjumon hakuaga. Mtu wa viza haagi.
Siku ya tingatinga nilisimama ng'ambo,
nikauona ukuta ule unainama, polepole, kama anayerukuu,
na mtaa mzima ukasamehewa madeni yake.

Sasa ni safi. Wallahi, unaweza kula chini.
Mitende ni kumi na miwili, nimeihesabu.
Muatasim kapewa cheti. Nimekitundika mimi mwenyewe.

Jana usiku nikashuka na kiti changu cha plastiki,
maana benchi la mawe hunywa jua mchana kutwa
likakutapikia usiku.
Nilikuwa peke yangu na chemchemi.
Mlinzi akaja, kijana, sare inampwaya,
akaniambia kwa Kiarabu chake cha miezi miwili:
kiti, hapa, hapana.
Nikanyamaza. Naye hakuondoka.
Akatazama huku, akatazama huku,
akashusha sauti:
Mama, chai hapa inauzwa wapi?

Nikanyanyua mkono kumwonyesha.
Mkono ukaenda wenyewe hadi mtende wa saba,
ukabaki pale.